Ng'ambo Imehamia Wapi?

Nilipanda basi la asubuhi kutoka stendi ya Nyegezi kwenda Sengerema, safari yangu ya kwanza upande ule tangu daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka Ghuba ya Mwanza ya Ziwa Victoria, lifunguliwe Juni 2025. Kando yangu alikaa bibi mmoja mwenye kapu la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, miguuni. Basi lilipoingia darajani abiria wote walinyanyua simu kupiga picha za maji, ila bibi alikuwa amesinzia. Alipozinduka tulikuwa tumekwisha kushika lami ya Busisi. Akatazama dirishani, akageuka akatazama nyuma, kisha akaniuliza, "Mwanangu, pantoni iko wapi?"

"Hakuna tena pantoni, bibi. Tumepita juu."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo hapa ni ng'ambo?"

"Ndiyo bibi, tumeshavuka."

"Haya," akasema, huku akivuta kapu lake karibu. "Mmevuka nyinyi. Mimi sijavuka."

Maneno hayo nimekaa nayo wiki kadhaa sasa. Ghuba ile nimeivuka kwa kivuko kwa miaka minne, nilipokuwa mwalimu mpya Buchosa. Kigongo ilikuwa na taratibu zake ambazo mtu alizijua mwilini. Basi linasimama kwenye foleni, abiria mnashuka, mnatembea kwa miguu kuelekea getini, na hapo katikati mnakutana na ulimwengu mzima: mayai ya kuchemsha na chumvi yake kwenye kikaratasi, karanga, sato wa kukaanga anayetoa mvuke, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, maji ya baridi kwenye ndoo. Kulikuwa na mama wa mayai aliyejua kwamba shule zimefungwa kabla sijafungua mdomo, kwa kuangalia tu ukubwa wa begi langu. Siku ambazo kivuko kilichelewa tulikaa kwenye mawe. Juu ya mawe hayo nimesahihisha mitihani ya kidato cha pili. Nikiwa kwenye foleni ileile nilipigiwa simu ya msiba wa mjomba wangu, na watu nisiowajua hata kwa jina wakanichangia nauli ya kuunganisha hadi Magu.

Nieleweke vizuri: daraja limenifurahisha, na nalipenda. Nimewahi kuona gari la wagonjwa usiku likisubiri upande wa Busisi, likiwa na mama mjamzito ndani aliyepaswa kufikishwa hospitali ya Bugando, Mwanza, na taa za mjini zinaonekana kabisa juu ya maji. Aliyeona hilo hawezi kulilia pantoni. Daraja ni la kilomita 3 hivi, na gari linalipita kwa dakika chache. Lakini katika dakika hizo chache kuna kitu kimetokea kwa ile Kigongo niliyoijua, na mimi, kwa kuwa nafundisha jiografia, siwezi kukiacha kipite hivihivi.

Mtu aliyenisaidia kukifikiria ni Yi-Fu Tuan. Alizaliwa mwaka 1930 Tianjin, China, akakulia katika kuhamahama, akasoma Oxford nchini Uingereza, kisha akaenda Berkeley, Marekani, alikopata udaktari mwaka 1957. Alifariki Agosti 2022 akiwa Madison, Wisconsin, alikokuwa amefundisha kwa miaka mingi. Alianza kama mtu wa mawe. Utafiti wake wa udaktari ulihusu miteremko ya miamba chini ya milima ya Arizona, namna ilivyotokea na namna ilivyochongwa. Mimi niliyekulia Mabatini, hapa Mwanza, kwenye nyumba iliyoegemea jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe, nilimpenda kwa hilo tu kabla sijasoma zaidi. Baadaye aliacha kuuliza mawe yalitokeaje, akaanza kuuliza watu wanayahisi vipi. Mwenyewe alisimulia kwamba akiwa mwanafunzi walifika usiku na wenzake katika bonde la jangwa la Death Valley, wakalala kwa tabu kwenye upepo, na kulipopambazuka akaiona ile nchi kavu mbele yake, akahisi ni nzuri kupita maelezo na kwamba ni yake, ingawa hakuwahi kuwa na ndugu wala historia pale.

Kutokana na maswali hayo yakaja maandiko ya miaka ya 1970 ambayo yanasomwa hadi leo kila panapofundishwa jiografia ya utamaduni. Hoja yake mojawapo ni rahisi kuisema na nzito kuibeba: eneo linaloruhusu mwendo bado halijawa mahali. Huwa mahali pale mwendo unapotua, mtu akasimama, macho yakazoea, mambo yakamtokea hapo. Kutua ndiko kunakozaa mahali.

Kigongo ilikuwa kutua. Hakuna aliyekusudia kwenda Kigongo, sote tulikuwa tunakwenda kwingine. Lakini maji yalituzuia, na kwa kuzuiwa kila siku, mwaka baada ya mwaka, tukapata mahali. Sasa maji hayazuii. Bibi wa matobolwa alipitishwa juu ya mahali pake akiwa usingizini.

Nilipojaribu kuwaeleza wanafunzi wangu hoja hii kwa Kiswahili nilikwama mwanzoni. Tuan aliandika kwa Kiingereza, akitenganisha space, eneo la mwendo, na place. Wengi hutafsiri lile neno la kwanza kama "nafasi," na la pili "mahali." Lakini nafasi ya Kiswahili ina kazi nyingi mno: nafasi ya kazi, nafasi kwenye daladala, sina nafasi leo. Mwanafunzi akisikia nafasi anawaza kiti. Niliandika ubaoni, nikafuta, nikaandika tena. Kisha jibu likanijia kutoka kwenye kipindi cha mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, darasa la jirani, aliyekuwa akiwasomesha watoto kwa sauti: mahali hapa, mahali huku, mahali humu.

Kiswahili hakihitaji kuazima tofauti hii. Kinayo ndani ya sarufi yake, na tunaitumia tangu utotoni bila kuambiwa. Pa ni mahali panapojulikana, unapoweza kugusa kwa kidole: hapa, pale, pangu. Ku ni upande, ni kuenea, ni kusikoshikika sawasawa: huku, kule, kwao. Mu ni ndani: humu, mle, mwetu. Mtu akisema "nyumbani kwangu kuna mti" na mwingine akasema "nyumbani pangu pana mti," wa pili ameshasimama karibu na ule mti. Neno mahali lenyewe lina asili ya Kiarabu, lakini lilipofika lilipokewa na upatanisho wa zamani wa Kibantu, na likawa na ngeli ya peke yake. Lugha iliyotenga ngeli nzima kwa ajili ya neno moja ililiona neno hilo kuwa zito.

Najua katika mazungumzo ya Mwanza tunachanganya. Tunasema "mahali kwingine," tunasema "pale" tukimaanisha "kule," na mwalimu mwenzangu huyo husononeka. Hata hivyo hisia haijapotea. Msikilize mtu anayekuelekeza kwake kwa simu: mwanzoni ni "njoo huku Nyakato," halafu "ukishuka uje upande huu," na mwishoni, anapokuona kwa macho, anapaza sauti, "Hapo hapo! Simama hapo hapo!" Amekutoa kwenye ku akakuleta kwenye pa.

Na kuna "kwetu." Hakuna anayesema "petu" anapotaja asili yake. Kwetu ni kupana, kuna mashamba, makaburi, lugha ya bibi na watu ambao hujawahi kuonana nao lakini watakupokea. Nadhani ndiyo maana swali la "kwenu wapi?" hujibiwa tofauti kulingana na aliyeuliza. Akiniuliza Msukuma nasema Magu. Akiniuliza mtu wa Arusha nasema Mwanza.

Dar es Salaam hata hilo la Mwanza halikuhitajika. Nilipokwenda kusoma kule nilijifunza kwamba mimi ni mtu wa "mikoani." Mara ya kwanza nililisikia kwa msichana niliyekaa naye chumba kimoja bwenini. Hakulisema kwa ubaya. Aliniuliza, "Huko mikoani mnapata umeme?" Kwa fikra zake nchi ilikuwa na sehemu mbili, hapa na huko, na huko kote, kuanzia Mtwara hadi Bukoba, kulikuwa kumoja. Nilijaribu kumweleza kwamba Mwanza ni jiji la pili kwa ukubwa nchini. Alishangaa kwa dhati, na kushangaa kwake kuliniuma kuliko swali lenyewe. Dar nayo ni mkoa, lakini husikii mtu akisema anakwenda mkoani akimaanisha Dar.

Sisi nasi tunafanya hivyohivyo. Redioni ukisikia "Bara na Visiwani," Visiwani ni Zanzibar. Lakini pale Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki la Mwanza, ukimuulizia kijana ukaambiwa "yuko visiwani," hakuna atakayefikiria Unguja wala Pemba. Yuko kambini, kwenye kisiwa kimojawapo huko majini, anavua au anaanika dagaa, na atarudi akipata fedha au akiumwa. Na mtu wa Nansio, kisiwani Ukerewe, ambaye ana mji, soko na hospitali, huchukizwa kuwekwa kwenye hilo fungu la visiwani kama nilivyochukizwa mimi kuwekwa mikoani. Mwanafunzi wangu mmoja kutoka Ukerewe aliniambia hivyo waziwazi: "Madamu, kwetu siyo visiwani. Kwetu ni Ukerewe."

Mwanajiografia Peter Gould, Mwingereza aliyefundisha Marekani, alilishughulikia jambo hili kwa hesabu. Njia yake ilikuwa kuwauliza watu wapange sehemu za nchi yao kwa kadiri wanavyopenda kuishi, kisha akachora majibu kama mtu anavyochora milima, kwa mistari ya kontua: panapopendwa pakawa kilele, pasipopendwa pakawa bonde. Aliita hizo ramani za akilini. Aliifanya kazi hiyo Ulaya na Marekani, na aliifanya Afrika pia, Tanzania ikiwemo. Mwaka 1969 alichapisha uchambuzi wa upendeleo wa wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam, vijana wa taifa changa waliokuwa wakisubiri kupangiwa kazi. Ramani ya namna hiyo haionyeshi mvua wala udongo. Inaonyesha mwalimu atakubali kwenda wapi bila kunung'unika, na daktari atatafuta uhamisho kutoka wapi.

Miongo kadhaa baadaye nami nilijaza fomu ya ajira, na nilikuwa na milima na mabonde yangu kichwani kama vijana wale. Nilitaka Mwanza mjini. Nikapangiwa Buchosa. Nililia. Buchosa iko mkoa huohuo wa Mwanza, ng'ambo ya ghuba, lakini katika ramani yangu haikuwa na kitu zaidi ya neno "kule." Nilifika usiku, mvua inanyesha, pikipiki ikiteleza, sijui kilicho kulia wala kushoto. Asubuhi mama mwenye nyumba aliniambia nipande jiwe la nyuma ya jikoni nikaone. Nikapanda na kanga yangu ya kulalia. Ziwa lilikuwa chini pale, lote jeupe, na mitumbwi ya dagaa ilikuwa inarudi na matanga, mmoja mmoja, kuelekea Nyakaliro, na nyuma yake kisiwa cha Kome kikiwa cheusi kama ng'ombe aliyelala. Sikuwahi kusoma habari za Tuan na jangwa lake wakati huo. Nilipozisoma miaka mingi baadaye nililiona lile jiwe la nyuma ya jikoni.

Sisemi niliipenda Buchosa asubuhi ileile. Ilinichukua karibu mwaka mzima, na nililia tena zaidi ya mara moja. Lakini ilianzia hapo juu ya jiwe.

Katika majina ya huku kwetu kuna somo ambalo kitabu chochote cha jiografia kingejivunia kuwa nalo. Sukuma ni jina la upande. Kwa Kisukuma na Kinyamwezi, sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Wanyamwezi waliwaita watu wa kaskazini yao Basukuma, watu wa kaskazini, basi. Jina la kabila kubwa kuliko yote Tanzania ni jibu la swali alilojibu mtu mwingine akiwa amesimama mahali pengine, kusini yetu. Na Wanyamwezi nao jina lao walipewa na watu wa pwani. Babu yangu, guku, aliyeishi hadi nilipomaliza darasa la saba, hakupenda kujiita Msukuma akiwa nyumbani. Kwake sukuma ilikuwa uelekeo. Ukimuuliza Wasukuma wako wapi alinyoosha fimbo kuelekea ziwani. Ilikuwa hadi aende mbali, kwenye mkonge wa Tanga alikofanya kazi ujanani, ndipo alipokuwa Msukuma, kwa sababu huko ndivyo alivyoitwa na kuandikwa.

Niliwahi kulifikiria hili kama dharau: kwamba hatukupewa hata heshima ya kujiita wenyewe. Siku hizi silioni hivyo. Naona kwamba kila jina la eneo linabeba nyayo za aliyelitamka kwanza, na ukizichunguza utajua alisimama wapi.

Chukua ziwa lenyewe. Agosti 3, mwaka 1858, John Hanning Speke alifika kusini mwa ziwa, eneo la Mwanza, baada ya kumwacha Richard Burton mgonjwa Tabora. Alipanda kilima, akaona maji, akalipa jina la malkia wake. Wafanyabiashara Waarabu wa Tabora waliokuwa wamemwelekeza walilijua kwa jina la Ukerewe, kwa sababu kisiwa hicho ndicho kilichokuwa mbele ya macho yao walipofika ukingoni. Waganda huliita Nalubaale. Wajaluo, Nam Lolwe. Wengi wa huku walisema tu nyanza, yaani maji makubwa, ziwa, na inasemwa hata jina la Mwanza limetokana na nyanza lililoharibika midomoni mwa wageni. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Aliyesimama kilimani Mwanza haoni hata sehemu ndogo ya hizo, anaona mkono wa ghuba na visiwa vimeziba upeo. Speke alitoa jina la kitu kizima kwa kuona mkia wake.

Halafu tukaja sisi na "Kanda ya Ziwa." Neno hili tunalitumia kila siku, katika taarifa ya hali ya hewa, kampeni, mpira, vibao vya maduka, na sidhani kama tunaliangalia usoni. Kanda ya Ziwa ni Mwanza, Mara, Kagera, Geita, Simiyu na Shinyanga. Shinyanga haina ufuko wa ziwa hata hatua moja. Kigoma ina Ziwa Tanganyika lenye kina kinachozidi mita 1,400, ilhali letu halifiki hata 100, na watu wa Kigoma wanaamka na kulala ziwani, lakini Kigoma si Kanda ya Ziwa. Wala Kyela, wala Nyasa. Tanzania ikisema "Ziwa" bila jina la pili inamaanisha moja tu. Sehemu ya maelezo iko katika utawala wa Waingereza: waliunda Jimbo la Ziwa, makao makuu Mwanza, na nchi ya Wasukuma wa Shinyanga ikawekwa humo. Jimbo likafa, mipaka ikakatwa na kukatwa tena, Geita na Simiyu zikazaliwa kuwa mikoa mwaka 2012, lakini umbo la lile jimbo limebaki vinywani mwa watu. Pamba nayo ilisaidia, nadhani, na reli, na Kisukuma. Mtu wa Kahama akifika Dar anasema anatoka Kanda ya Ziwa, na hadanganyi.

Mmarekani Wilbur Zelinsky alitafuta kanda za namna hii, zinazoishi midomoni bila mpaka wa serikali, kwa njia niliyoipenda sana. Alichukua vitabu vya simu vya miji ya Marekani na Kanada, akahesabu majina ya biashara: ni wapi wenye maduka wanajiita wa Magharibi, wapi wa Kusini, wapi wanataja pwani. Akachapisha ramani zake mwaka 1980. Sisi hatuna vitabu vya simu, lakini tuna vibao. Jumamosi moja nilitembea na daftari kutoka Mlango Mmoja hadi Kirumba nikiandika majina ya maduka, saluni, gereji, shule za awali na maduka ya dawa. Niliyaona makundi. "Nyanza" ni jina la vitu vya zamani, vya ushirika. Chama kikuu cha wakulima wa pamba, kilichoundwa mwaka 1955, wakati wa ukoloni kilikuwa na jina la Victoria, kikaja kuwa Nyanza baada ya uhuru. "Victoria" limebaki kwa wanaotazamia wageni. "Rock City," jina la utani la Mwanza, limeshikwa na vijana: vinyozi, studio, timu za mitaani. Na "Ziwa" limekaa kwenye usafiri na mizigo, kwa wale wanaotaka mteja wa Geita na mteja wa Musoma wajue wote wanahusika. Nilirudi nyumbani na kurasa zimejaa na jua limenichoma, na nilikuwa na furaha ambayo sikuipata kwa muda mrefu.

Ndipo nilipoamua kuwapa wanafunzi wa kidato cha tatu zoezi. Karatasi tupu, penseli, hakuna atlasi, hakuna simu. Chora Mwanza.

Kwa kawaida sisi walimu tunaichora Mwanza kama vidole vitatu. Barabara ya Kenyatta inakwenda kusini, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Buhongwa. Barabara ya Nyerere inakwenda mashariki, Mabatini, Nyakato, Igoma, na kuendelea hadi Musoma. Ya Makongoro inakwenda Kirumba, Pasiansi na uwanja wa ndege. Katikati ya vidole ni vilima vya mawe. Nilitarajia karatasi zote zifanane.

Watoto wa Buhongwa na Igoma walichora kidole chao kirefu, kina kila kituo cha daladala kwa mpangilio bila kukosea, na vidole vingine viwili vikawa vifupi kama vimekatwa. Msichana anayeishi juu Igogo hakuchora barabara hata moja. Alichora mawe, yote, na ngazi kati ya mawe, na bomba la maji ambalo watu hupanga ndoo, na mji mzima ukawa umelala chini pembeni kama kitu kilichomwagika. Nilipomuuliza barabara ya lami iko wapi alionyesha ukingo wa karatasi: "Inapita huku chini, Madamu." Kwake lami ilikuwa ku. Jiwe la mlangoni lilikuwa pa. Yule wa Ukerewe alichora bandari, meli, geti, wabeba mizigo, soko, na kwingine kote akaacha peupe. Alikuwa na miaka miwili mjini na bado hakuwa ameshuka melini.

Wengi walichora Jiwe la Bismarck pale Kamanga, na karibu wote walilichora kubwa kupita hospitali ya Bugando. Sikuwasahihisha.

Msichana mwingine, anayeishi Igoma, hakuchora soko wala stendi. Alichora makaburi ya MV Bukoba. Meli ile ilizama Mei 21, 1996, karibu na Mwanza, ikaua mamia ya watu, na wengi walizikwa Igoma. Yeye alizaliwa zaidi ya miaka kumi baadaye. Lakini bibi yake humpeleka pale kila mwaka, na hadi leo bibi huyo hapandi chombo chochote cha majini. Akitaka kwenda Bukoba huzunguka kwa basi. Tuan aliandika pia juu ya hofu, kwamba hofu hujenga mahali kama upendo unavyojenga. Mtoto huyu amerithi ziwa ambalo hajaliogopa mwenyewe. Nilitaka kumwambia neno, sikupata la kumwambia, nikamrudishia karatasi yake na kumshika bega.

Karatasi ya mwisho kwenye rundo ilikuwa ya mvulana wa Kirumba, mtoto mkimya, anayesinzia vipindi vya asubuhi. Amechora ufuko kwa mstari mmoja. Nchi kavu hakuweka kitu isipokuwa kibanda kimoja. Majini, mbali kabisa na ufuko, amechora duara dogo lenye miale, na kando yake ameandika "kwetu."

Nikamwita mezani. Nikadhani ni kisiwa, nikamuuliza kisiwa gani hicho.

"Siyo kisiwa, Madamu. Ni taa."

Baba yake ni mvuvi wa dagaa. Siku za giza, mwezi usipokuwepo, wanatoka jioni na kuwasha taa juu ya maji ili dagaa wazifuate. Aliyeketi Kirumba usiku wa giza anajua: ziwa linakuwa na mji wake, taa mamia zimepangana hadi upeoni, na alfajiri mji huo haupo. Mtoto huyu hukaa nje na mama yake, wakitazama, hadi baba arudi. Nikamwambia taa ni nyingi na zote zinafanana, na zinahama kila usiku, anajuaje ya baba yake?

Akageuka dirishani. Ilikuwa saa sita mchana, ziwa linang'aa tupu, hakuna hata mtumbwi. Akanyoosha kidole bila kusita.

"Inakaa pale."